Breki ya Mkono Iliyokaa Mguuni

Baba yangu aliendesha trekta kwa zaidi ya miaka ishirini kwenye shamba kubwa la mpunga kule Mngeta. Alipostaafu alihamia Lipangalala, Ifakara, kwenye nyumba aliyokuwa ameijenga kidogo kidogo. Mwaka wa pili wa kustaafu akapata kiharusi. Aliamka asubuhi akitaka kuvaa viatu, mguu wa kushoto ukakataa kuingia, na yeye akadhani kiatu ndicho kimepungua. Alikaa ukingoni mwa kitanda akikigeuza kile kiatu mkononi hadi nilipopita kumsalimia nikienda kazini.

Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, sijaolewa, nikafunga virago vyangu nikahamia kwake. Mkono wake ulirudi, mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu. Kilichokawia ni maneno. Aliweza kusema, "Niletee ule wa kufungulia," nami nikimpa ufunguo alitikisa kichwa, maana alichotaka ni kijiko. Siku nyingine neno lilimjia likiwa limechelewa. Tulikuwa tumekaa barazani kesho yake, hakuna aliyeuliza kitu, na yeye akasema, "Kijiko," kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu chini ya meza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Aliposikia kwamba mguu wa baba hauwezi tena kukanyaga klachi, alifanya jambo ambalo hatukulitarajia. Ilikuwa miaka ya tisini katikati, magari yaliyotumika kutoka Japani yameanza kuingia nchini kwa wingi. Kaka alinunua moja, dogo, jeupe, otomatiki, akaliendesha mwenyewe hadi Ifakara. Alifika Jumamosi mchana akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na Jumapili alitakiwa kupanda treni kurudi kazini. Katikati hapo majirani walikuja kumpongeza baba, soda zikafunguliwa, na mimi nikapata kama robo saa ya mafunzo.

"Hili halina klachi," kaka alisema. "P ni kupaki. R ni nyuma. D ni mbele. Hiyo N achana nayo. Mguu wa kushoto hauna kazi kabisa, ndiyo maana nimemletea baba."

Leseni nilikuwa nayo. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye pikapu ya shamba, nilipokuwa nikija likizo kutoka sekondari. Nilijifunzia kwenye tuta la mfereji, katikati ya majaruba, mahali ambapo ukiacha gari bila breki utalikuta pale pale. Bonde letu ni bapa. Mvua ikinyesha Ifakara, maji hukaa siku mbili barabarani kama hayajui yaelekee upande gani. Kupaki kwenye mteremko ni jambo ambalo baba hakunifundisha kwa sababu hapakuwa na mteremko wa kufundishia, na sidhani kama yeye naye aliwahi kufundishwa.

Jumatatu baada ya shule nikaingia kwenye lile gari peke yangu, nikageuza ufunguo nusu bila kuliwasha, nikaangalia chini, nikaona pedeli tatu.

Nikazihesabu tena. Ya mafuta kulia, ya breki katikati, pana. Halafu kushoto kabisa, juu kidogo, imejibana kwenye ukuta wa gari, ilikuwapo nyingine ndogo yenye mpira mweusi. Kaka alisema halina klachi. Lakini pale panapokaa klachi palikuwa na kitu cha kukanyagwa. Nikakikanyaga. Kilishuka kwa mlio wa krrr, kikabaki chini. Nilipoondoa mguu hakikurudi. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu.

Nikawasha gari, nikaweka D. Likatambaa kwa shida kama linavuta gogo. Nilikwenda hivyo hadi karibu na kisima, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikasimama. Watu wawili waliokuwa wakiteka maji waliniangalia, nami nikajifanya nimesimama kwa hiari yangu. Kisha nikaanza kuvuta kila kishikio nilichokiona. Cha kwanza kilifungua boneti. Cha pili kilifungua kifuniko cha mafuta. Cha tatu kilikuwa chini ya dashibodi, na nilipokivuta ile pedeli iliruka juu kama panzi, taa nyekundu ikazimika.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba. Alikuja na fimbo yake, akainama mlangoni, akaitazama ile pedeli kwa muda mrefu.

"Ni nini, baba?"

Alipojibu sauti yake ilikuwa kali kuliko jambo lenyewe. "Usikiguse."

"Lakini ni cha nini?"

"Nimesema usikiguse. Ukikanyaga taa nyekundu inawaka. Taa nyekundu ni hatari. Unataka nini zaidi?"

Baba hakuwa mkali kwa kawaida. Niliufunga mlango wa gari, ila nilibaki na dukuduku. Nani atengeneze gari, aweke ndani yake pedeli ya kuharibia gari?

Jumamosi nikaenda posta kumpigia kaka simu. Nilisubiri kwenye benchi zaidi ya saa nzima, na nilipoitwa kwenye kibanda simu ilikuwa inakwaruza.

"Kaka, ile ya kushoto ni ya nini?"

"Ipi?"

"Ya kushoto. Ya mguu."

"Ah, breki ya mkono."

"Mkono wake umepona. Nauliza ya mguu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Ya mkono. Ukipaki usiache..." Hapo simu ikajaa mlio kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia, ikakatika.

Nilitembea kurudi Lipangalala nikijaribu kuunganisha. Nilichoelewa ni kwamba kaka hakunisikia vizuri, na kwamba alikuwa akinisisitiza nitumie breki ya mkono ninapopaki. Basi nikaitafuta breki ya mkono. Katikati ya viti viwili, mahali ambapo kila gari nililowahi kulipanda lilikuwa na kile kigongo cha kuvuta, lilikuwapo sanduku dogo lenye kifuniko. Ndani yake nilikuta karatasi moja ya maandishi ya Kijapani na pipi iliyoyeyuka.

"Imenyofolewa njiani," baba alisema nilipomweleza. "Magari haya husafiri mbali. Hata tairi la akiba halina. Redio haina. Wamechukua na hendibreki."

Ilikuwa kweli kwamba tairi la akiba halikuwapo, na pale penye redio palikuwa na tundu lenye nyaya. Maelezo yake yakanitosha. Hata hivyo niliwaza: mtu anaiba vipi breki ya mkono bila kuacha hata alama ya misumari?

Kipindi hicho kilipita bila shida, kwa sababu tulikuwa bondeni. Niliendesha gari kwenda kanisani na hospitali na sokoni, nikapaki kwa P, na P ilitosha. Baba alikaa upande wa abiria. Kuendesha alikuwa hataki. Alisema ataanza mguu ukipata nguvu. Mimi sikuelewa, kwa sababu gari lilinunuliwa ili huo mguu usihitajike, lakini sikumsumbua.

Kiangazi kilipoingia na shule kufungwa, shangazi yetu akatuma ujumbe kutoka Mahenge. Alikuwa dada mkubwa wa baba, hajamwona tangu augue, na miguu yake mwenyewe haikumruhusu kusafiri. Baba akasema twende. Tulichukua dawa zake za presha za siku nne, kwa sababu tulipanga kukaa tatu.

Kwenye kivuko cha mto Kilombero tulikuta magari mawili mbele yetu, na pantoni iko ng'ambo. Nilisimama kwenye njia inayoteremka majini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimamisha gari lile mahali penye mwinamo. Nikaweka P, nikaachia breki. Gari likateremka kama nusu hatua, likagonga "ko", likasimama.

Nilikanyaga breki kwa nguvu ingawa lilikuwa limeshasimama.

"Baba, umesikia?"

"Gia imeshika," alisema. "Trekta pia hufanya hivyo. Gari likiwa kwenye gia haliendi popote."

Alisema kwa utulivu nikamwamini. Lakini pantoni ilipofika na nikataka kutoa P, mkono wa gia ulikuwa mgumu. Nilivuta mara mbili ndipo ukatoka, na sauti iliyotoka chini ya gari ilikuwa kama ya nyundo. Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia mto.

Tulipita Lupiro, tukaingia kwenye milima. Kwa mtu wa bondeni ile barabara ni mateso, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine vilele vya miti. Baba alizaliwa huko lakini aliondoka kijana, na nilimwona ameshika mpini wa mlango muda wote. Tulifika mchana. Nyumba ya shangazi ilikuwa chini ya barabara, na njia ya kuingilia ilishuka moja kwa moja kuelekea jikoni kwake, kijumba cha udongo na bati kilichojitenga na nyumba kubwa. Hapakuwa na mahali pengine pa kuweka gari. Nikalishusha polepole hadi hatua kama sita kutoka jikoni, pua ikiangalia chini, nikaweka P, nikaachia. Likashuka. Ko. Safari hii kwa nguvu zaidi, mpaka baba akayumba kwenye kiti.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ina unga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Litakaa hapo?"

"Litakaa, dada," baba akajibu kabla yangu. "Liko kwenye gia."

Siku zile tatu zilikuwa nzuri. Baba na dada yake walikaa juani asubuhi, kwa sababu Mahenge ina baridi sisi hatuijui, wakiongea Kipogoro kwa kasi ambayo mimi sikuifuata. Niligundua jambo ambalo lilinishangaza. Kwa Kipogoro baba hakupotewa na maneno, au kama yalimpotea dada yake aliyachukua na kuyaweka mahali pake bila kusita, na mazungumzo yakaendelea. Majirani walikuja na zawadi. Kila aliyekuja alileta kitu, na kila kitu kilikwenda kwenye buti la gari: magunia mawili ya maharage, viazi, mikungu ya ndizi. Gari liliinama nyuma. Sikufikiria kwamba uzito wote ule unaning'inia kwenye ile P.

Siku ya kuondoka nikakaa kwenye usukani, nikawasha, nikakanyaga breki, nikavuta gia. Haikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili. Haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa kana kwamba mtu ameichomelea.

Nilizima, nikawasha tena. Nilijaribu taratibu, nikajaribu kwa ghafla. Baba akaja dirishani, akaniambia nijaribu tena, nikajaribu tena. Akaniambia nizime, nizime kabisa, nisubiri lipoe. Tukasubiri. Halikuwa na moto wowote wa kupoa.

Wanaume wanne wa jirani walikusanyika, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja alisema betri. Mwingine alisema giaboksi imekauka mafuta. Wa tatu alisema aliwahi kusikia magari haya yana akili yao, yakichukizwa hujifunga. Mimi nilikuwa nawasikiliza wote na kuwaamini wote kwa zamu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha shangazi, fimbo kati ya magoti. Dawa zake zilikuwa zimebaki za siku moja.

Shangazi ndiye aliyemtuma mtu kwa mtawa aliyesimamia zahanati ya karibu, kumwuliza kama ana dawa za presha. Sista alikuja mwenyewe na pikapu yake, mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mvua chini ya kanzu yake ya kitawa. Aliiacha pikapu juu barabarani, akashuka kwa miguu, akampa baba kibahasha cha vidonge, akampima presha pale pale kwenye kiti. Kisha akaligeukia gari.

"Limefanya nini?"

Nikamweleza: P imekataa kutoka.

Akalizunguka. Aliangalia mteremko, akaangalia jiko la shangazi, ambamo sufuria ilikuwa motoni. "Hata pikapu yangu hunigomea hivi," alisema. "Nikiipaki mlimani kwa gia peke yake, bila hendibreki, nikirudi gia haitoki. Uzito wote umeilalia. Mpaka watu waisukume irudi juu kidogo, ndipo inaachia."

"Basi tusukume," mmoja wa wale wanaume akasema, na wote wakaelekea mbele ya gari.

"Ngojeni," Sista alisema. "Mkisukuma gia ikaachia, nini kitalishika?"

"Breki ya mguu," nikasema. "Nitakanyaga."

"Na mguu ukiteleza? Vuta hendibreki."

"Halina, Sista. Iliibiwa."

"Iliibiwa?" Alifungua mlango wangu, akainama, akatazama kati ya viti, akatazama chini. "Na hiki?"

"Hatujui. Si klachi. Ukikanyaga taa nyekundu inawaka."

"Taa gani?"

Nikamwonyesha ilipokuwa. Akaniomba nigeuze ufunguo, kisha nikikanyage. Nilimwangalia baba kwanza. Alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, na hakukataa. Nikakikanyaga. Krrr. Taa ikawaka, duara jekundu lenye alama ya mshangao katikati.

"Nifuate," Sista alisema.

Tulipanda hadi barabarani. Akaingia kwenye pikapu yake, akawasha, akashusha hendibreki, akaivuta tena. Kwenye dashibodi yake likawaka duara lile lile, jekundu, lenye alama ile ile.

Nilisimama pale barabarani, mkono kwenye mlango wa pikapu, na kwa muda fulani sikuweza kuelewa kitu nilichokuwa nakielewa. Breki ya mkono. Ya mguu. Ndiyo hiyo hiyo, kaka alisema. Alikuwa amenijibu kwa ukamilifu, na mimi nikampuuza kwa sababu jibu lake halikuwa na maana.

"Hii yenu wameiweka mguuni," Sista alisema. "Sijawahi kuiona. Lakini taa haidanganyi."

Tuliporudi chini nilikaa kwenye usukani nikavuta kile kishikio, pedeli ikaruka juu, naye akapanga watu. Aliweka mawe mawili makubwa mbele ya matairi ya mbele. Alimtoa shangazi jikoni, ambaye alitoka na sufuria yake mkononi. Wanaume wanne wakaweka mabega mbele ya gari, wakalisukuma kurudi juu, na nilipohisi limesogea kama upana wa kiganja nikaikanyaga ile pedeli ndogo mpaka mwisho. Wakaachia. Gari halikushuka. Lilikaa. Nikashika gia nikaivuta kwa vidole viwili, na ikatoka.

Hakuna aliyeshangilia. Nadhani sote tulikuwa tunasubiri lishuke.

Sista hakuniruhusu kuondoka. Aliniambia nipaki tena pale pale, kwa mpangilio, naye akawa ananiongoza akiwa amesimama nje ya dirisha. "Kanyaga breki kubwa. Weka N. Sasa kanyaga hiki kidogo mpaka chini. Sasa achia breki kubwa, taratibu, ulisikie gari limekalia nini." Nikaachia. Lilishuka kidogo sana, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti, likatulia, bila mlio wowote. "Limekalia breki. Sasa ndiyo uweke P. P inakuja mwisho, imsaidie mwenzake tu. Na matairi yageuze yaangalie ukingo wa udongo, likikukimbia lisifike jikoni kwa bibi."

Kwa hiyo N, ile niliyoambiwa niachane nayo, nayo ilikuwa na kazi. Nikarudia mara tatu. Mara ya pili nilikosea, nikaweka P kabla ya breki, nikaisikia ile "ko" na kwa mara ya kwanza nikajua ni sauti ya nini.

Baba alikuwa amesogea karibu bila mimi kumwona. "Naomba nikae hapo," akasema.

Nikashuka. Akaingia, mara yake ya kwanza kukaa kwenye usukani wa gari lile. Alikanyaga breki kwa mguu wa kulia. Kisha akashika paja lake la kushoto kwa mikono miwili, akaunyanyua mguu kama mtu anayenyanyua kitu cha mwenzake, akauweka juu ya ile pedeli ndogo. Haukuwa na nguvu ya kusukuma. Akaweka kiganja juu ya goti akasukuma goti. Pedeli ikashuka. Krrr, ikasita, krrr tena. Akaachia breki kubwa. Gari likatulia. Akaweka P. Alikaa vile mikono ikiwa mapajani, na wale wanaume wanne wakaona heri wakaangalie magunia.

Tuliondoka mchana huo huo. Niliendesha mimi. Baba alishika mpini wa mlango hadi tulipomaliza milima na kufika kwenye tambarare ya Lupiro, ambako nilisimama kununua samaki wa kukaanga. Tulikula ndani ya gari, milango wazi.

"Siku ile uliponiuliza," alianza, "nilidhani ni kitu ninachokijua."

"Siku gani, baba?"

"Uliponiuliza kile ni nini. Nikakitazama nikasema, hiki nakijua. Jina limenikimbia. Kama kijiko. Nikasema kesho litakuja. Kesho yake halikuja." Alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka juu ya karatasi. "Kila jioni nililala nalitafuta. Mtu aliyeendesha mashine maisha yake yote, anasahau pedeli. Nikasema basi, kichwa kinaondoka, kimeanza na vijiko, sasa kimefika kwenye kazi yangu."

Mimi nilikuwa nimechanganywa na gari tu. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba yule aliyenikaripia alikuwa anaogopa.

"Ndiyo maana hukutaka kuendesha?"

"Ningeendeshaje kitu nilichokisahau?" Akatikisa kichwa. "Kumbe sikuwahi kukijua. Huwezi kusahau usichokijua." Alirudia sentensi hiyo ya mwisho kwa Kipogoro, taratibu, kama anaipima, halafu akaniomba kipande kingine cha samaki.

Nilipofika Ifakara nililipeleka gari kwa fundi, kwa kuogopa kwamba tumeliharibu. Alilala chini yake, akalisikiliza, akaniambia lina bahati. Alinieleza kwamba ndani ya giaboksi ile ipo P kweli, lakini si kitu kikubwa. Ni kijiti cha chuma kinachoingia katikati ya meno ya gurudumu. "Hakikuwekwa kubeba gari," alisema, akinionyesha kidole chake kidogo. "Kimewekwa kulizuia lisiteleze. Ukikibebesha gari kila siku mlimani, siku moja kinakatika, na hutakuwa karibu." Usiku ule nilichelewa kupata usingizi nikilifikiria jiko la shangazi.

Baba alianza kuendesha wiki iliyofuata. Alikwenda kanisani, alikwenda kuwasalimu wenzake wa shambani, na siku moja alifika hadi Mngeta peke yake akarudi jioni amechoka na amefurahi. Kila alipopaki, hata kwenye uwanja wa kanisa ulio bapa kama sinia, alifanya mpangilio wote, hatua kwa hatua, akinyanyua ule mguu kwa mikono, na waliokuwa wakimsubiri walijifunza kusubiri. Maneno yake hayakurudi yote. Mengine yalizidi kupotea. Lakini nilivyomwona, yalipompotea hakuyakimbiza tena kwa hofu ile. Aliyaacha yaende.

Kaka alipokuja Krismasi nilimweleza habari ya simu. Alicheka hadi akatoka nje. Habari ya Lupiro sikumweleza, na baba naye hakusema.

Baba aliendesha kwa masika mawili. Asubuhi moja, tukijiandaa kwenda kanisani, alizunguka gari akaja upande wangu na kunipa ufunguo. Nilimwuliza kama mguu unamsumbua. Akasema hapana, ila ukiwa unaendesha huoni mpunga kando ya barabara.